Ita, Ita Tu

Mimi kukaa siwezi. Tangu nianze kuandika haya nimeshainuka mara tatu: mara ya kwanza kuangalia maharage jikoni, mara ya pili kuangalia maharage yale yale, mara ya tatu nimefika mlangoni, nikatazama barabara, nikarudi. Leo ni Jumapili. Keshokutwa Jumanne ni siku ya mazoezi ya mlima, na mpaka sasa sijui kama mwenzangu wa kukimbia naye atakuja au nitapanda peke yangu kama mbuzi aliyekata kamba. Nikimpigia simu, inaita tu. Hata hilo neno, inaita, linanichoma. Mtaona kwa nini.

Ngoja nianze vizuri. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nalima karoti na kabichi hapa Lushoto, na nakimbia mbio ndefu. Si zile za kutafuta afya, hapana. Nakimbia kushindana, na nikishindwa nanuna siku mbili, mume wangu ni shahidi. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa miguu ikitangulia, na tangu siku ile miguu haijakubali kichwa kiongoze. Sasa mtu wa namna hiyo, siku inayomtesa kuliko zote katika mwaka si siku ya mashindano. Ni siku ya kikao.

Kila mwanzo wa msimu, mvua zikipungua, kikundi chetu kinakutana uani kwa kocha. Tuko wanane. Kocha ni mwalimu mstaafu wa michezo. Magoti yamemwisha lakini ulimi bado una pumzi. Mke wake anapika makande sufuria nzima, tunakula mpaka tunajuta, halafu kila mmoja anasema mambo mawili: kosa lake la msimu uliopita na lengo lake la msimu unaokuja. Kosa unalisema umekaa. Lengo unalisema umesimama, raba ziko miguuni, maana kocha anaamini ukitaja lengo umekaa miguu haisikii. "Wewe unaongea na sisi," anasema, "lakini kazi yenyewe ataifanya nani? Si hiyo miguu? Basi nayo iwepo kikaoni."

Yuko mzee mmoja mpasua mbao, anatoka Shume. Kila mwaka anakiri kosa lile lile, kwamba alianza mbio kwa kasi mno, na kila mwaka anasimama na kuapa kwamba safari hii ataanza taratibu. Thubutu! Filimbi ikilia tu, huyo, kama amesikia nyumba yake inaungua. Sisi tunamkuta kilomita ya nne kashika kiuno, anatupungia mkono kama mgeni rasmi. Tunamcheka mpaka machozi, na yeye anacheka nasi. Mimi nikimcheka nilikuwa namwonea wivu pia. Kosa lake lilikuwa la kusemeka.

Mimi nilikuwa na lengo moja misimu sita mfululizo. Nasimama, nafunga kamba ya raba vizuri ili nisimtazame mtu, nasema: "Nataka kushinda tena mbio za mzunguko." Mbio za mzunguko ndizo mbio zetu kubwa huku milimani. Zinaanzia mjini Lushoto, zinashuka na lami kuelekea Soni, zinakunja kwenye njia ya vumbi na kupanda mpaka mgongoni mwa mlima, halafu zinarudi mjini. Niliwahi kuzishinda mara moja. Medali ninayo, iko nyuma ya mlango wa chumbani, na nimetundika koti la mvua juu yake. Watu wanapiga makofi, kocha anaandika, na hakuna aliyewahi kuniuliza: wewe si unayo tayari, mbona unaililia kama hujawahi kuipata?

Sikuwahi kuipata. Ndiyo jibu lake.

Mwaka ule, misimu sita iliyopita, mbele yangu alikuwapo msichana mmoja mgeni. Alikuwa anasoma ualimu katika chuo kimoja huko bondeni, kwao ni Singida, na hakuna aliyemjua. Alikimbia vizuri jamani. Mabega yametulia, mikono haipigi kelele, na mlima anaupanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake. Mimi nilikuwa wa pili, kichomi kimenishika ubavuni, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba wa pili si haba. Nafasi ya kwenda kambi ya mkoa kwa wanawake ilikuwa moja tu, ya mshindi, na ilikuwa inapanda mlima pale mbele yangu kwa miguu ya mtu mwingine.

Tukafika njia panda. Sisi tunaiita njia panda ya mapeasi, kwa sababu akina mama wa pale juu huteremshia mapeasi yao hapo kusubiri gari. Njia ya kulia inapanda, ya kushoto inashuka bondeni. Palitakiwa kuwa na mtu wa bendera. Mtu wa bendera alikuwa ameingia migombani kwa haja zake, na bendera ameiegemeza kwenye mgomba! Yule msichana akafika, akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuona mtu ila akina mama watano wanapandisha matenga kwenye pikapu.

Akawauliza, na adabu juu: "Mama zangu, shikamooni. Njia ni huku au huku?"

Wakamjibu wote kwa pamoja: "Marahaba! Ita! Ita tu!"

Kwa Kishambaa, kuita ni kwenda. Mtoto akiaga anakwambia naita kaya, yaani naenda nyumbani. Wale mama walikuwa wanamwambia nenda, nenda tu, huko huko juu, na mikono yao imeshika matenga, kwa hiyo njia walimwonyesha kwa kidevu. Kiswahili wanakijua wote. Lakini mtu akiwa na haraka ulimi wake unarudi nyumbani kwao.

Msichana wa Singida angejuaje? Yeye alisikia anaambiwa aite. "Nimwite nani?" akauliza. Wakaona hasikii, wakapaza sauti zaidi: "Ita! Itaaa!" Basi mtoto wa watu akasimama pale katikati ya mbio, akaweka mikono mdomoni, akaanza kuita kwa nguvu zake zote: "Kochaaa! Wasimamiziii!"

Mimi nikatokea kwenye kona. Nilielewa yote kwa kutupa jicho moja. Akanigeukia, jasho linamtiririka, mikono kaitandaza, akaniuliza mimi, mpinzani wake, kwa imani yote: "Dada, wanasema niite nani?"

Lilitakiwa neno moja. Nenda. Silabi mbili tu, na pumzi nilikuwa nayo. Hata kidole kingetosha. Nikampita kuliani kwake, nikashika njia ya juu, sikugeuza shingo. Aliponiona napanda akanifuata, lakini aliyewahi kusimama katikati ya mlima anajua: ukisimama miguu inadhani kazi imekwisha, na kuiamsha tena ni mgogoro. Alinifikia karibu kabisa na mjini. Nilimsikia anavyohema nyuma yangu, na mbio zingekuwa na mita mia moja zaidi angenipita. Hazikuwa nazo.

Nikaenda kambi ya mkoa. Tanga mjini, joto, uwanja tambarare, mtu unazunguka kama ng'ombe wa kukamua mafuta. Majaribio ya timu nilimaliza karibu na mkia, nikarudishwa nyumbani na mafua ya kiyoyozi. Nafasi ya mtu nimeila na wala haikunishibisha. Msimu uliofuata nikawa wa tatu, uliofuata wa tano, halafu nyonga, halafu nikajifungua, halafu nyonga tena. Kila Jumapili kanisani tunapofika pale pa kuungama kwamba tumekosa kwa kuwaza, kusema na kutenda, mimi nilikuwa nangoja wafike kwenye kosa langu la kutosema, na kila nikilingoja naiona njia panda.

Ningeweza kuishi hivyo. Watu wanaishi na makubwa zaidi. Lakini Mungu naye ana utani wake: yule msichana alipomaliza chuo akapangiwa shule ya msingi karibu na Soni.

Nilikutana naye sokoni nikiwa nimeshika karoti mafungu mawili. "Dada! Si wewe? Mshindi wangu!" Akanikumbatia pamoja na karoti. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaniuliza kama huku kuna watu wa kukimbia nao, na mimi ningesemaje? Nikamleta kwa kocha kwa mikono yangu mwenyewe.

Kikao chake cha kwanza aliulizwa kosa lake, akasimulia hadithi ya njia panda. Kishambaa cha kuanzia alikuwa ameshakipata kwa watoto wa darasa la kwanza. Alisema wiki yake ya kwanza shuleni mtoto mmoja alimwambia, "Mwalimu, naita kaya," naye akamjibu, "Haya mwite, lakini Kaya ni nani?" Darasa zima likaanguka chini. Hapo ndipo alipoelewa wale mama walimwambia nini. Anajua kusimulia huyo! Aliigiza sauti za akina mama, akaigiza anavyoita wasimamizi, mpasua mbao wa Shume akaanguka kutoka kwenye benchi, kocha akapaliwa na makande.

"Na huyu hapa," akasema akininyooshea kidole, huku anacheka, "nilimuuliza kabisa! Akapita kama upepo."

Kocha akafuta machozi, akasema kilomita ile mtu hasikii kitu, masikio yanakuwa yamejaa damu. "Ndiyo, hata mimi najua," akasema yule msichana, "alikuwa hanisikii."

Wote wakanitazama, wanatabasamu.

"Sikusikia hata kidogo," nikasema. "Ningekusikia ningekwambia."

Sasa la kwanza unaweza kuliita udhaifu. Mtu yuko mbioni, kichomi kimembana, akili haipo. Lakini hili la pili nililisema nimekaa, nimeshiba, na sahani iko mapajani. Uongo huu ndio ulioninyima usingizi, si ule ushindi. Na ukishasema uongo mbele za watu wanane, maji yameshamwagika, utayazoaje?

Hadithi ikawa yetu. Kila kikao waliitaka, kama watoto wanavyotaka ile ile ya sungura. Na kila mwaka ikifika pale pa "nilimuuliza kabisa," mimi ndiye niliyetakiwa kujibu, "Masikio yalijaa damu!" na watu wanacheka. Nilikuwa nimepewa sehemu yangu, nami niliicheza vizuri.

Kibaya zaidi nilimpenda. Heri angekuwa mtu wa majivuno nikamchukia! Lakini mama yangu alipofariki huyu mwalimu alikuja siku ile ile, akajifunga kanga, akachota maji, akapika na ndugu zangu siku nne, na usiku analala chini na watoto. Shule aliomba ruhusa. Siku ya tano aliniamsha alfajiri, akanirushia raba zangu, akasema, "Dada, twende tukalie barabarani, humu ndani hewa imekwisha." Tukakimbia mpaka Soni na kurudi, mimi nalia, yeye kanyamaza, anashika mwendo wangu hatua kwa hatua. Mtu kama huyo unamtazama usoni, unajua umemwibia, na yeye anakushukuru kwa kumletea kikundi.

Miaka yote hiyo mbio za mzunguko yeye hakuwa amezirudia. Mara mimba, mara kunyonyesha, mara semina za walimu zinaangukia siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa najiambia: akirudi tu, nishindane naye kwa haki. Akinishinda, deni limekwisha bila mtu kujua. Nikimshinda, medali imekuwa yangu kweli. Ndilo lililokuwa lengo langu hasa, hilo nililokuwa nalisema huku nafunga kamba za raba.

Mwaka huu kikaoni akasimama, raba zake mpya za bluu, akasema: "Mwaka huu narudi kwenye mzunguko. Lengo langu, nifike njia panda nikiwa mbele, nipite, na wala nisimwite mtu." Kelele zilizopigwa pale uani zilisikika mpaka barabarani. Kocha akapiga meza. "Ninyi wawili," akasema akitutazama, "Jumanne na Jumamosi mtapanda mlima pamoja mpaka siku ya mashindano. Mmoja akilegea mwenzake amvute."

Zamu yangu ilipofika niliulizwa kosa langu. Nilikuwa nimeapa njiani kwamba mwaka huu nalisema. Nilifungua mdomo, moyo unapiga kama niko kilomita ya mwisho, nikaona uso wa mwenzangu unaningoja kwa wema, nikasema: "Nilikunywa maji mengi kabla ya mbio."

Wakacheka. Mimi nikaomba chumvi.

Wiki tatu tumepanda pamoja. Wiki tatu kila tukifika kona fulani nasema hapa, kona ikipita nasema ile nyingine. Barabara yetu mnaijua ilivyo na kona! Zote zikaisha. Nyumbani nimekuwa mkali kwa watoto, kahawa inanitetemesha, nalima tuta nililokwisha lima. Mume wangu akaniuliza, "Una nini wewe?" Nikamwambia ni mbio zinakaribia. Akasema mbio hukaribia kila mwaka, lakini chumvi kwenye chai hajawahi kutiliwa.

Jana Jumamosi tulitoka asubuhi, mvua ya usiku imekatika, ukungu umekaa kwenye mikaratusi. Tulipanda tukiwa wazima kabisa. Yeye hatua mbili mbele, mimi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nyonga ilikuwa kimya. Nilijisikia vizuri mpaka nikaogopa. Tukafika njia panda ya mapeasi, na pale ukingoni, juu ya tenga lililogeuzwa, alikuwa amekaa shangazi yangu.

Shangazi huyu ni dada yake baba. Alikuwa mmoja wa wale mama watano. Sasa matenga habebi tena, mgongo umekataa, anakaa tu na kuuza. Shikamoo yake huwezi kuipita hata ukiwa umefukuzwa na chui, kwa hiyo tulisimama, tukamwamkia, akatuitikia, akatuuliza habari za nyumbani mmoja mmoja mpaka mbuzi. Akatuchagulia peasi mojamoja, akazifuta kwa kanga yake.

"Huyu ndiye yule mwalimu wa Singida?" akaniuliza.

"Ndiye, shangazi."

"Pole mwanangu," akamwambia. "Siku ile tulikuhangaisha na lugha yetu."

Mwalimu akacheka. "Bibi, yameisha! Mlinifundisha neno ambalo sitalisahau."

Shangazi akafurahi. Mtu mzima akifurahi anakumbuka. Akanishika mkono, akaupigapiga, akasema kwa kujivuna: "Lakini huyu mtoto wetu ana adabu, nikwambie. Siku ile anapita hapa, pumzi hana, mate yamemkauka, nami nikamwambia, ita mwanangu! Akanijibu vizuri kabisa, kwa sauti, naita shangazi! Nikawaambia wenzangu, mnaona? Mtoto aliyelelewa. Hata kwenye mbio anamsikia mkubwa wake."

Nilikuwa nimelisahau. Naapa, nilikuwa nimelisahau kabisa. Kwetu mkubwa akikusemesha unaitika, huo si uamuzi, ni kama kupepesa jicho. Nilimwitikia shangazi kwa adabu zote, na yule aliyeniuliza swali hatua mbili kutoka pale nikamwacha amesimama.

Mwalimu alikuwa ameuma peasi. Akaacha kutafuna.

"Alikujibu, bibi?"

"Alinijibu! Masikio yake mazuri huyu, tangu mdogo."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira bado. Uso ulikuwa ule ule wa siku ile, wa mtu anayeuliza njia.

"Dada. Shangazi ulimsikia."

"Nilimsikia."

"Na mimi?"

Nitawaambia ukweli, uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni, umevaa na kuchana nywele. Ningesema sauti ya shangazi naijua tangu utotoni, ilipenya, yako haikupenya. Angeikubali, najua angeikubali, kwa sababu alikuwa anataka kuikubali. Nilimwona anavyoningoja niiseme.

"Nilikusikia," nikasema. "Ulisema, dada, wanasema niite nani. Nilikusikia neno kwa neno, na nilijua wanasema nini. Nikapita."

Aliimeza ile peasi iliyokuwa mdomoni. Iliyobaki akaiweka ukingoni mwa tenga polepole, pale ilipoumwa pakatazama juu. Akamwambia shangazi, "Asante bibi, ni tamu," kwa sauti ya darasani, kisha akageuka na kushika njia ya juu. Hakukimbia kwa hasira. Alikimbia vile anavyokimbia siku zote, mabega yametulia, na ndivyo nilivyojua nimemuumiza kiasi gani.

Nami nikabaki. Mimi huyu, ambaye hata ibada siimalizi bila kutoka nje mara mbili, nilisimama pale kama nguzo ya umeme. Miguu, ambayo maisha yangu yote haijaomba ruhusa ya kichwa, safari hii iligoma. Raba za bluu zinaingia kwenye ukungu, na nilijua zikipotelea kwenye ile kona, nimempoteza mtu.

Shangazi hakuelewa hata chembe. Alimtazama yule anayepanda, akanitazama mimi niliyesimama, akaona jambo la kushangaza: mwenzangu anakwenda na mimi nimeganda. Akanisukuma mgongoni kwa ngumi yake ndogo.

"We! Mbona umesimama?" akasema. "Ita! Ita tu!"

Mimi ni Mshambaa wa baba na mama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujua hilo neno nilisikie kwa lugha gani. Nikaita, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa.